«Kama tulivyokwisha kusema»

Kuna neno moja fupi ambalo limezoea kukaa katika maandiko yetu kama mgeni asiyekumbuka njia ya kwao. Ndilo hili: «Kama tulivyokwisha kusema». Lina jamaa nyingi: «tulivyoandika mbele», «tulivyoonyesha hapo juu», «msomaji anakumbuka», «hatutaki kurudilia maneno ya zamani». Tunalikuta katika mahubiri ya Dominika, katika kazi za mwisho wa masomo za wafarateri, katika karatasi zinazotumwa paruasini, na katika kurasa hizi zenyewe. Hakuna anayelisema vibaya, kwani halina dhambi. Linapita haraka, na macho ya msomaji yanaliruka kama vile mtu anavyoruka jiwe la njiani analolijua. Leo tunaomba tusimame kidogo mbele ya jiwe hilo, tuligeuze, tutazame kilicho chini yake.

Tuanze na kosa letu wenyewe, ili mtu asifikiri ya kuwa fimbo tuliyoshika ni kwa ajili ya wengine tu. Miaka kadhaa iliyopita tuliandika, katika karatasi moja iliyotumwa kwa makatekista wa vilimani, habari za Wakristu waliokimbia vita na kupoteza karatasi zao za ubatizo. Tulisema maneno mengi juu ya kuwapokea vizuri, juu ya kutowaita wageni, hata juu ya viti vyao kanisani. Tulipofika pahali penye kazi yenyewe, yaani namna gani kuhakikisha kwamba mtu amebatizwa kweli ikiwa hana karatasi, tukaandika mstari mmoja: «Kwa jambo hili wafanye kama tulivyokwisha kueleza.» Tuliona ni vizuri. Karatasi ilikuwa imejaa, tena tulikuwa na hakika ya kuwa tulikwisha eleza.

Katekista mmoja wa kilima cha mbali alipata karatasi ile. Ya mbele hakuipata. Ilipotea njiani, au haikutumwa. Huko kulikuwa na kijana aliyetaka kufunga ndoa. Alikimbia kwao akiwa mtoto mdogo, mgongoni mwa mama yake, na kitabu cha wabatizwa cha misioni yao kilichomwa moto. Mama yake alikuwa hai, tena ni mama wa sala, mtu anayeheshimiwa kilimani kote. Ndiye aliyembeba mikononi siku ya ubatizo. Katekista akasoma mstari wetu, akatafuta yale maelezo, asiyaone. Kwa kuwa ni mtu mwenye kuogopa kuharibu mambo ya Sakramenti, akamwambia kijana angoje. Wakangoja, kijana na mchumba wake na wazee wa pande mbili, toka Pasaka mpaka Novemba. Katekista aliposhuka Bukavu kwa mafunzo, alitujia baada ya chakula cha jioni, akauliza kwa heshima: «Padri, ile mliyokwisha kueleza, mliieleza wapi?»

Tukafungua sanduku la karatasi za zamani, tukatafuta mpaka usiku. Tukakuta nini? Nusu ya mstari: «ushahidi wa watu waaminifu unaweza kusaidia». Basi. Mengine tulikuwa tumeyaeleza mezani, kwa mapadri wenzetu, huku tukinywa chai. Katika kichwa chetu yalikuwa yamekwisha andikwa.

Toka siku ile tunalitazama neno hili kwa macho mengine.

Tazameni kwanza lugha yetu. Desturi ya mapadri na ya walimu ni kuandika kwa «tu-», na hiyo «tu-» ni nguo pana inayofunika watu wengi. «Tulikwisha sema»: nani alisema? Mwandishi peke yake? Mwandishi pamoja na wenzake? Sisi sote, mwandishi na msomaji, tulioketi katika mkutano fulani? Kanisa zima? Mara nyingine mwandishi mwenyewe hajui. Anasema mawazo yake, na kwa nguvu ya ile «tu-» msomaji anadhani ya kwamba jambo limekwisha kubaliwa na wote, na kwamba yeye peke yake hakuwepo siku ya kukubaliana. Sisi tunaoandika haya tunavaa nguo hiyohiyo, tunakiri. Ni desturi ya ukurasa huu, na si kazi ya leo kuivua.

Halafu «hapo juu». Neno hili limezaliwa na karatasi. Kwa mtu aliye na ukurasa mkononi, juu ni juu. Lakini katika vilima vya Bushi na vya Buhavu, na kule Urega, maandiko mengi ya Kanisa yanapokelewa kwa masikio. Katekista anasimama, anasoma, watu mia wanasikiliza. Siku moja tulikuwepo katika kikanisa kimoja, katekista akasoma kwa sauti ya nguvu: «Kama tulivyoonyesha hapo juu», na mama wawili wazee wa mstari wa kwanza wakainua vichwa, wakatazama mabati. Watoto wakacheka. Wale mama hawakukosea Kiswahili. Aliyekosea ni mwandishi, kwani aliandika kana kwamba watu wote wana karatasi yake mkononi na kidole chao juu ya mstari.

Mwenye kusimulia hadithi karibu na moto hasemi hivyo. Akitaka watu wamkumbuke binti aliyeachwa mtoni, hasemi «yule binti tuliyemtaja». Anaimba tena wimbo wake, na wote wanaitikia, hata mtoto aliyekuwa amesinzia. Nao wazee katika shauri la ng'ombe, mmoja akishika neno baada ya mwenzake, anakusanya kwanza maneno ya mwenzake, halafu anatia yake. Inachukua muda mrefu. Vijana wa shule wanaona kwamba wazee wanazunguka bure. Kumbe ni adabu kwa mtu aliyechelewa kufika.

Mtu atatujibu: Mtakatifu Paulo naye alifanya hivyo. Ni kweli, na inafaa tumtazame, kwani kwake tunalikuta neno hili katika hali njema na katika hali ya hatari.

Katika barua ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 5, mstari wa 9, anakumbusha ya kwamba aliwaandikia mbele wasichanganyike na wazinzi. Barua ile ya mbele hatunayo. Imepotea, na hii tunayoiita ya kwanza siyo ya kwanza. Je, tumepata hasara? Kidogo tu. Kwani Paulo hakusema «nilikwisha waandikia» akapita. Alisema aliandika nini. Akaonyesha maana ambayo neno lake halikuwa nayo, yaani si juu ya wazinzi wote wa dunia, maana hapo ingewapasa Wakristu kuihama dunia. Halafu, katika mstari wa 11, akasema maana yake ya kweli, kwamba ni juu ya yule anayeitwa ndugu na huku anaishi hivyo. Barua ilikufa, neno likabaki hai, kwa sababu mwandishi alilibeba tena mgongoni.

Sasa tufungue barua ya pili kwa Watesalonika, sura ya 2. (Tunaacha pembeni swali la wataalamu wanaobishana kama mkono ulioiandika ni wa Paulo mwenyewe; kwa jambo letu haibadilishi kitu.) Mtume anasema juu ya mtu wa uovu, ambaye lazima aonekane mbele ya siku ya Bwana. Mstari wa 5 anauliza kama hawakumbuki ya kuwa aliwaambia mambo hayo alipokuwa bado kwao. Mstari wa 6 anaongeza kwamba sasa wanakijua kile kinachomzuia. Wao walijua. Sisi je? Kwa karne na karne watu wanauliza: kinachozuia ni nini? Wengine wamesema ni ufalme wa Roma. Wengine wamesema ni kazi ya kuhubiri Injili ambayo haijamalizika. Mtakatifu Agostino, katika kitabu cha 20 cha «Mji wa Mungu», sura ya 19, alichunguza maneno hayo, akakiri waziwazi kwamba hajui Mtume alitaka kusema nini. Akaonyesha na sababu: Watesalonika walikuwa na ujuzi ambao sisi hatuna, kwa hiyo Mtume hakuona lazima ya kuwaandikia tena.

Fikirini jambo hilo, wandugu. Askofu wa Hippo, mwenye akili ile na sala ile, alisimama mbele ya mlango uliofungwa, na kufuli yake ni «niliwaambia nilipokuwa kwenu». Hatumhukumu Mtume. Aliwaandikia watu aliowajua kwa majina, waliokaa miguuni pake, na Roho Mtakatifu anajua aliloliacha lifichwe. Lakini padri wa paruasi anayeandika karatasi ya Kwaresima hana udhuru huo.

Tena ni Paulo yuleyule anayesema kwa Wafilipi, mwanzo wa sura ya 3, ya kwamba kuwaandikia mambo yaleyale si taabu kwake, na kwao ni usalama. Mwandishi anayesema «hatutaki kuwachosha kwa kurudilia» angefaa kujiuliza ni nani hasa anayechoka.

Luka anatupa mfano mfupi unaotosha. Mwanzo wa Matendo ya Mitume anasema kwamba alikwisha andika kitabu cha kwanza. Lakini anamtaja aliyemwandikia, Teofilo. Anasema kitabu kile kilikuwa juu ya nini, yaani mambo yote Yezu aliyoanza kufanya na kufundisha. Anasema kiliishia wapi, ndipo siku alipochukuliwa juu. Yote hayo katika mistari miwili. Halafu hamtumi Teofilo kukitafuta kile kitabu: anasimulia tena kupaa kwa Bwana, kwa namna nyingine, na kazi inaendelea. Mtu aliyepata kitabu cha pili peke yake anaweza kutembea.

Tusifanye kana kwamba kurudilia daima ni kuzuri. Mtakatifu Toma wa Akwino, katika utangulizi wa Summa, analalamika kwamba wanafunzi wanasumbuliwa, kati ya mambo mengine, na kurudilia mara kwa mara mambo yaleyale, kunakozaa uchovu na machafuko kichwani. Ndiyo maana yeye alipanga nyumba yake chumba kwa chumba, na akifika pahali panapohitaji jambo la mbele, anaandika «ut supra dictum est», anaendelea. Mwanafunzi haibiwi kitu, kwani jambo lile kweli limesemwa, limesemwa kwa ukamilifu, tena lina pahali pake: swali fulani, artikulo fulani. Wachapishaji wa nyuma waliweka namba, nasi leo tunafungua na kukuta. Kwa Toma neno hili ni kama hati ya deni iliyo na sahihi. Sisi tunalolionea shaka ni lile la mtu anayetaja deni bila hati. Waswahili wanasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuje kwa kazi za wafarateri, maana nyingi zinapita mikononi mwetu kila mwaka, na tunazisoma kwa upendo. Ugonjwa wa kwanza tunaouona ni huu: neno linakaa pahali pa hoja. Ukurasa wa 12 mwanafunzi anasema labda desturi fulani ya mababu inaweza kusaidia kueleza ushirika wa watakatifu. Ukurasa wa 30 anasema «kama tulivyoonyesha, desturi hii inaeleza ushirika wa watakatifu». Ukurasa wa 51: «tulivyohakikisha mara nyingi». Hakuna kitu kilichoongezeka njiani. Lile «labda» limekufa peke yake, bila mazishi, na neno letu ndilo lililolimeza. Wala mwanafunzi hakukusudia uongo. Alijisoma mwenyewe mpaka akajiamini. Kwa hiyo tunawapa shauri moja la kazi ya mikono: kila mnapoandika neno hili, rudini kwenye ukurasa wenyewe, someni, muone kama mlisema hivyo kweli, na kwa nguvu ileile. Mkikuta mlisema kwa nusu, basi andikeni nusu. Siku hizi kompyuta inawatafutia neno kwa kufumba na kufumbua jicho. Sisi tuliofanya kazi hiyo kwa kaye na kalamu hatuna huruma kwa mtu anayekataa.

Kuna na majivuno. Padri ameandika makala mawili, la tatu linakuwa kioo cha yale mawili. «Katika makala yetu ya kwanza», «katika makala yetu iliyopendwa na wengi». Msomaji anajisikia kama mgeni aliyeitwa kula, akaonyeshwa picha za karamu ya jana. Hapo hatutakaa.

Linaloumiza zaidi ni neno linalotumika kuficha kwamba mwandishi amebadili mawazo. Jana alisema hivi, leo anasema vingine, na katikati anatia «kama tulivyosema daima». Wanafunzi wake wa zamani wanasoma, wanajiona wajinga, wanadhani wao ndio waliosikia vibaya. Tumewajua makatekista waliofundishwa kwa ukali jambo moja juu ya desturi za kilio, wakagombana na jamaa zao kwa ajili ya jambo hilo, na miaka 10 baadaye wakasikia kinyume chake kwa kinywa kilekile, pamoja na «daima». Hakuna aliyewaambia: tulikosea, samahani. Mtu aliyeacha kumzika shangazi yake kwa utii ana haki ya kusikia neno hilo.

Mbele ya ugonjwa huu tunaye mwalimu mmoja mkubwa, naye ni Agostino tena. Mwaka 426 na 427, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70, alikaa na vitabu vyake vyote, akavisoma upya kwa mpango wa miaka yake, akaandika kitabu kinachoitwa «Retractationes». Wafarateri wanaojua Kilatini waangalie: «retractare» ni kushika tena kwa mikono, kupitia tena, siyo kukana yote. Alihesabu kazi 93, zilizo katika vitabu 232. Kwa kila moja anasema aliiandika wakati gani na kwa sababu gani, halafu anataja maneno yanayomchukiza sasa, na mengine anayatetea. Barua na mahubiri alikuwa hajayamaliza alipokufa mwaka 430.

Jambo lililotokea nyuma ndilo linalotugusa. Kusini ya Galia watawa walibishana na mafundisho yake juu ya neema, na baadhi yao walishika maandiko yake ya zamani. Hapo zamani, karibu mwaka 394, alipoeleza barua kwa Waroma, aliona ya kwamba kuamini kunatoka kwetu wenyewe, na neema inakuja kusaidia nyuma. Miaka miwili mitatu baadaye, alipomjibu Simplicianus wa Milano, akaona kwamba hata mwanzo wa imani ni zawadi. Sasa watu walikuwa wakimrushia yeye wa zamani, wampige yeye wa leo. Alifanya nini? Katika kitabu chake juu ya kuchaguliwa kwa watakatifu alikubali waziwazi kwamba alikosea. Alitaja kitabu gani, akaweka mbele ya macho yao maneno yenyewe aliyoyaandika juu ya kosa hilo katika «Retractationes». Akaonyesha neno la Mtume lililomgeuza, lile linalouliza mtu ana kitu gani ambacho hakukipokea. Na akalalamika kidogo, kwa upole wa mzee: ndugu hao walisoma vitabu vyake, lakini hawakujali kwenda mbele pamoja naye. Kwetu hilo ndilo «tulikwisha andika» lililo kubwa kuliko yote, maana linaongeza: na tulikosea, na hapa ndipo tulipogeuka.

Mababa Watakatifu tutawapita haraka, kwani jambo lao linajulikana. Leo XIII aliandika Rerum novarum tarehe 15 Mei 1891. Pius XI akairudia mwaka 1931, Yoane XXIII mwaka 1961, Yoane Paulo II mwaka 1991. Kwao «tu-» ya Papa inabeba kiti chote na si mtu mmoja. Lakini angalieni Mater et magistra: sehemu yake ya kwanza yote inaeleza tena yale ya Leo na ya Pius, mbele ya kuongeza jambo jipya. Ikiwa Papa anakubali kazi hiyo, sisi ni nani?

Karibu na sisi, Bushi hapa, tuna Padri Vincent Mulago. Mwaka 1955 alitetea huko Roma kazi yake juu ya umoja wa uzima wa Wabantu, yaani kwa Bashi, kwa Wanyarwanda na kwa Warundi. Mwaka 1956, katika kitabu cha mapadri weusi wanaojiuliza, «Des prêtres noirs s'interrogent», akaandika juu ya agano la damu na ushirika wa chakula kama mawe yanayongojea Ekaristi. Mwaka 1965 akatoa «Un visage africain du christianisme». Ni wazo moja lililotembea miaka 10. Lakini katika kitabu cha 1965 hamwambii msomaji aende kwanza kutafuta kazi ya Roma. Analeta tena umoja ule wa uzima, anausimamisha mbele ya umoja wa uzima wa Kanisa, ili tuone vyote viwili pamoja. Jina la kitabu lenyewe linasema hivyo. Msomi mwenye haraka atasema ni kurudilia. Sisi tunasema ni kupanda mbegu ileile katika shamba pana zaidi. Ng'ambo ya Ruzizi, Padri Alexis Kagame alifanya karibu vilevile: mwaka 1956 filosofia ya lugha moja, Kinyarwanda, mwaka 1976 filosofia ya lugha za Wabantu kwa kulinganisha, na mafungu manne yaleyale ya vitu vilivyopo yakapimwa katika nchi nyingi. Wengine wamesema alipaswa kujibu kwa urefu zaidi wale waliompinga katikati ya miaka hiyo 20. Inawezekana. Lakini hakuwalazimisha wasomaji wake kuishi ndani ya kitabu cha kwanza.

Kuna jambo moja la mji wetu tunalolisema kwa uangalifu. Askofu Mkubwa Emmanuel Kataliko alituandikia barua ya Noeli tarehe 24 Desemba 1999. Ndani yake alisema waziwazi kwamba nguvu za kigeni, pamoja na baadhi ya ndugu zetu Wakongomani, zinaendesha vita kwa mali ya nchi yetu. Ilisomwa makanisani. Februari 2000 wakubwa wa RCD waliotawala mji wakamzuia asirudi Bukavu, akakaa Butembo mpaka Septemba; alikufa Roma tarehe 4 Oktoba mwaka uleule. Sisi wazee tukisema «ile barua ya Noeli», inatosha, koo linakauka. Nasi tumezoea kuandika hivyo: «kama ilivyosemwa katika barua ya Noeli». Lakini mwaka huu tulimwuliza mfarateri mmoja hodari, mwenye alama nzuri, barua ya Noeli ni nini. Akajibu kwamba labda ni ile ya salamu za mwisho wa mwaka. Hakukosa heshima. Alizaliwa nyuma ya mambo hayo, na sisi tumemlipa kwa vifupisho. Tulidhani tunalinda kumbukumbu kwa kuitaja, kumbe kila tulipoitaja bila kuieleza, ilipungua, mpaka likabaki jina. Kesho yake tulimpa barua yote aisome, akairudisha jioni, akaomba kuiandika kwa mkono katika kaye yake.

Basi, mtu ataandika namna gani? Hatukatazi neno. Aseme aliandika wapi na mwaka gani. Aseme kwa mstari mmoja au miwili aliandika nini, kwa maneno ambayo katekista anaweza kuyasoma kwa sauti bila kugeuza ukurasa. Ikiwa jambo lile ni la kazi, la Sakramenti, la ndoa, la mazishi, aliandike lote tena, hata kama karatasi inajaa. Apunguze yale ya viti. Na kama amebadili mawazo, aseme.

Na kwa kuwa hata leo inawezekana kuna katekista aliye na ukurasa huu bila kuwa na mwingine, tunaandika hapa jambo ambalo hatukuliandika siku ile. Kanuni 876 ya Kitabu cha Sheria za Kanisa cha mwaka 1983 (na kanuni 779 ya kile cha 1917 ilikuwa karibu sawa) inasema juu ya kuhakikisha ubatizo pasipo karatasi. Ikiwa jambo hilo halimdhuru mtu mwingine, ushahidi wa mtu mmoja tu, asiye na shaka juu yake, unatosha. Anaweza kuwa mama, msimamizi wa ubatizo, jirani aliyekuwepo. Ikiwa mwenyewe alibatizwa akiwa mtu mzima, kiapo chake mwenyewe kinatosha. Katekista ampeleke shahidi kwa padri wa paruasi, ndiye anayekata neno. Shahidi aseme jina, misioni, mwaka anaoukumbuka, na nani alikuwa msimamizi. Padri aandike ushahidi huo, autie sahihi, auweke. Kama baada ya kutafuta kwa bidii shaka inabaki kweli, kanuni 869 inaruhusu kubatiza kwa sharti, baada ya kumweleza mtu sababu. Lakini mama aliyembeba mtoto wake mikononi siku ile, naye anaheshimiwa na watu wote wa kilima, si shaka. Kijana yule angeweza kuandikwa kwa ndoa yake juma la kwanza baada ya Pasaka.